Theluji ya Mjomba Clemence

Jumamosi iliyopita tulimwacha Devotha amepiga magoti mbele ya kabati la mjomba wake, ufunguo wa kuibia mkononi, kitabu cha maoni ya wageni kifuani. Ni kitabu kile kile ambacho mjomba aliapa mbele ya ukoo mzima kwamba kimeliwa na mchwa. Na kitasa cha mlango kilikuwa kinazunguka.

Mlango ukafunguka.

"We Devotha! Unatafuta nini humo?"

Hakuwa mjomba. Alikuwa Mwanahawa, mpishi wa hoteli, mwanamke wa Chiwanda, kule ziwani, aliyeletwa huku milimani na mume, akabakizwa na mshahara. Mwiko ulikuwa bado mkononi.

"Mama Mwanahawa, umeniua!"

"Ningekuwa yeye ndiyo ungekufa. Ameshafunga tai, anakuja. Ndicho hicho?"

"Ndicho. Mchwa gani hawa, hata jalada hawajaligusa!"

Kwa msomaji aliyedandia leo, nisikuache njiani. Clemence alizaliwa juu ya mteremko huu huu, hapa milimani Mbinga, akatumwa nyasi na kuchunga mbuzi kama wenzake. Kisha akakaa Ulaya miaka kumi na mmoja, akarudi na masanduku manne na wazo moja. Wazo lenyewe lilikuwa kujenga hoteli ya bei ya kutisha, ambako wenye nacho watafunga mbao miguuni na kuserereka mlimani kama Wazungu kwenye theluji.

Theluji Mbinga? Haijaanguka tangu Mungu aumbe mlima. Basi Clemence akanunua mazulia. Mazulia meupe ya plastiki, yenye meno kama brashi ya kufulia, akayatandika kutoka kilele mpaka chini. Watu wakayaita theluji ya Clemence, na yeye, kwa jinsi alivyolewa sifa zake mwenyewe, akadhani wanamheshimu.

Ila ili mazulia yalale sawa, alifukia ngoro. Nani hapa asiyejua ngoro? Mwanamume hukata nyasi na kuzitandaza miraba miraba, mwanamke huchimba katikati na kuzifunika kwa udongo, mteremko wote unakuwa mashimo yaliyopangana. Mvua ikija, kila shimo linakunywa sehemu yake, na kilima kinabaki mahali pake. Hivyo ndivyo Wamatengo walivyokula kwenye miteremko ambayo hata mbuzi huishika kwa adabu.

Clemence alizifukia zote za upande wake. Sasa alitaka na sehemu iliyobaki ya kilima cha ukoo, shamba la dada yake Gertruda, mama yake Devotha, lililo chini kidogo ya mazulia, na nyumba yake ikiwa katikati ya shamba.

Ukoo ulikuwa unakaa leo hii, saa nne asubuhi, kuamua. Na Devotha, kwa kuwa ndiye wa mapokezi, alikuwa ameamriwa kuusomea ukoo maoni ya wageni.

"Kilete," alisema Mwanahawa. "Mbona kurasa hizi mbili za mwisho zimeshikana?"

Devotha alijaribu kuzitenganisha kwa ukucha. Zilikuwa ngumu kama gamba.

"Zimegandishwa."

Mwanahawa alinusa. Mpishi ni mpishi.

"Uji wa ngano! Mwezi uliopita aliniomba unga kijiko kimoja na maji ya moto. Nikajua ana tumbo."

Viatu vilisikika koridoni. Mwanahawa hakuuliza. Alikinyakua kitabu, akakilaza kwenye sinia, akakifunika kwa kitambaa na juu yake akamwaga maandazi ya wageni. Clemence alipoingia alimkuta mpwa wake anafuta vumbi kabatini kwa kiganja.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Mama maandazi, jikoni." Alisubiri Mwanahawa atoke na sinia lake, kisha akatoa kitabu kipya chenye utepe mwekundu. "Utasoma humu. Ukurasa wa kwanza mpaka wa tano, kwa sauti, na kwa tabasamu."

Devotha alifungua. Wino wa bluu, wino mweusi, wino wa kijani, na mwandiko ule ule uliojilaza kushoto, mwandiko wa mjomba. Bwana mzima alikuwa amekaa akijisifu kwa kalamu saba.

"Mjomba, hawa wageni walikuja lini?"

"Devotha." Alimshika bega. "Ukisoma vizuri, kesho wewe ni meneja. Ukikosea neno moja, utarudi kwa mama yako mkashikane na jembe. Kwani mama yako yuko wapi? Kikao kinaanza."

"Amesema haji. Amekaa shambani tangu alfajiri. Anasema mkitaka kulisawazisha, msawazishe na yeye."

Clemence alicheka. Devotha alimchukia kwa kicheko kile kuliko kwa maneno yote.

Ukumbi wa chakula ulikuwa na ukuta mmoja wa kioo. Kushoto mazulia meupe, chini yake shamba la Gertruda, na mbali kabisa, kule bondeni kuliko na vijiji vya Lipingo na Tingi, ziwa limelala. Wanaume wa ukoo walikuwa wamekaa mbele na mikono tayari kwa maandazi. Bibi Margareta, mama mzazi wa Clemence na Gertruda, alikalishwa kwenye kiti cha ngozi, rozari mkononi, miguu haifiki chini. Mbele yake birika kubwa la chai lilikuwa linafuka mvuke.

Na pembeni, katika suti ya kijivu, Azizi. Huyu ni mfanyabiashara wa mabasi kutoka Songea, na Clemence alikuwa anamtongoza awe mbia kama bwana harusi anavyotongoza, kwa marashi na uongo.

"Wazee wangu, Mama yangu, mgeni wetu," alianza Clemence, "mimi sitasema. Watasema wageni. Devotha, soma."

Devotha alisimama. Akafungua kitabu chenye utepe.

"'Nimezunguka dunia nzima,'" alisoma, "'lakini raha ya kuteleza Mbinga imenitoa machozi.'"

"Machozi!" alisema Clemence, akimtazama Azizi.

Devotha aliinua macho kupumua, na kupitia kioo akamwona mama yake. Gertruda alikuwa amekaa katikati ya ngoro zake, jembe mapajani, kitenge kimefungwa kiunoni kama mtu anayesubiri kazi. Juu yake wingu jeusi lilikuwa linatoka upande wa ziwa. Umeneja ule alioota usiku tatu mfululizo ulimnukia uji wa ngano.

"Endelea," mjomba alimhimiza.

Hapo hapo Mwanahawa akaingia na sinia. Akalitua mezani mbele ya Devotha, akaanza kugawa maandazi moja moja, bila haraka, mpaka kitambaa kikabaki kitupu na pembe ya jalada la zamani ikachungulia.

Devotha alifunga kitabu cha utepe. Akakivuta kile kingine.

"Naendelea, Mjomba. Ila na hiki ambacho mchwa walishindwa kukila."

"Devotha!"

"Mwache mtoto asome," alisema Bibi Margareta. "Mchwa na mimi tunataka kusikia."

Devotha akasoma, na wewe msomaji keti vizuri, maana wageni wa Clemence nao walikuwa watu wa ajabu. Watu waliolipa kwa hiari yao ili waanguke, kisha wakaandika kama mahakimu.

"'Nimetoka Dodoma na familia yangu kwa ajili ya theluji. Nimekuta zulia. Zulia ninalo nyumbani, na la kwangu halichubui.'"

Mzee mmoja alipaliwa na andazi.

"'Kwetu Uswisi theluji ni ya bure na tunailalamikia kila mwaka. Hapa ni ghali na haipo. Maandazi ni mazuri.'"

"Huyo namkumbuka," alisema Mwanahawa. "Alikula kumi na mawili."

"'Tulikuja fungate. Mume wangu alivunjika mkono siku ya kwanza, na siku sita zilizobaki nimemlisha kwa kijiko. Nashukuru hoteli kwa kunionyesha mapema nimeolewa na mtu wa namna gani.'"

"'Mimi ni padre. Nimeserereka kwa makalio kutoka juu mpaka chini mbele ya vijana wangu wa kipaimara. Waliocheka nimewasamehe. Kwa mwenye hoteli bado naomba nguvu.'"

Sasa ukumbi ulikuwa unacheka waziwazi. Hata wale wanaume waliokuja kwa ajili ya maandazi walikuwa wameyasahau.

"'Ziwa liko mbali mno,'" Devotha alisoma. "'Menejimenti ilishughulikie.'"

"Lisogezwe!" mtu alipiga kelele nyuma. "Clemence, lete trekta!"

Clemence naye alicheka. Ndiyo, alicheka, na hapo ndipo ujue mtu ni sugu. Alinyoosha mikono kama padre anayebariki.

"Wazee, wateja wa pesa ndogo hawakosi kulalamika. Wateja wakubwa, kama mheshimiwa Azizi na nyumba yake, ndio ninaowalenga. Mke wake alilala hapa mwezi wa nane. Aliondoka akitabasamu. Si kweli, mheshimiwa?"

"Kweli alikuja na dada zake," alisema Azizi. "Hajaniambia chochote."

Devotha alipekua. Mwezi wa nane. Akakuta, akasita, akamtazama Azizi kwa huruma ya kweli.

"Shikamoo, baba. Nisome?"

"Marahaba. Soma tu."

"'Vyumba visafi, chai safi. Huko nje ni wehu mtupu. Nimesikia mume wangu anabembelezwa atie mkono katika jambo hili. Akithubutu, ajue mimi nitakuwa kwetu Kilwa. Safina.'"

Azizi alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Kisha akakusanya simu yake na funguo zake kutoka mezani, kimoja kimoja.

"Mheshimiwa, mwanamke mmoja..." Clemence alianza.

"Ndugu yangu, huyo mwanamke mmoja ndiye niliye naye," alisema Azizi.

Mtu mwingine angekaa chini. Clemence alimgeukia mpwa wake, na lile tabasamu la Ulaya lilikuwa limekwisha.

"Umefukuzwa kazi. Toka. Na kikao hiki kitapiga kura, hata bila maoni ya mtu. Gertruda hana hoja, hana hata heshima ya kuja. Shamba ni la ukoo, na wanaume wa ukoo wako hapa."

"Wanaume," alisema Bibi Margareta. "Mwanangu, kwenye shamba lile udongo alichimba nani?"

"Mama, si wakati wa..."

"Nyasi alitandaza marehemu mume wa Gertruda. Udongo alichimba Gertruda, na kabla yake nilichimba mimi, na wewe ukiwa mgongoni unanikojolea. Wewe umechimba nini? Ulileta watu wa kufukia." Alinyoosha kidole kuelekea kitabu. "Na hizo karatasi zilizoshikana mwishoni ni za nini?"

Clemence aliruka kama aliyekanyaga kaa, mkono mbele, lakini Mwanahawa alikuwa karibu zaidi, na sinia lilikuwa pana. Kitabu kikatua mapajani kwa bibi.

"Mama, hizo ziliharibika kwa chai!"

"Basi zitatengenezwa kwa chai."

Bibi Margareta alifungua kifuniko cha birika. Akazishika zile kurasa juu ya mvuke, akizigeuzageuza polepole, bila kutetemeka.

"Mnajua barua ngapi za wachumba wa binti zangu nilizifungua hivi na kuzifunga tena?" alisema. "Gertruda mpaka leo anadhani niliota kwamba yule wa Lituhi ana mke."

Kurasa ziliachana. Devotha alipokea, akapitisha jicho mistari ya kwanza. Akasoma kwa nguvu, maana alijua akisoma polepole hatamaliza.

"'Mimi Pankras ni mhandisi wa barabara. Nimefanya kazi kwenye miteremko miaka kumi na tisa. Mwenye hoteli amefukia mashimo ya Wamatengo, hakuyaua. Chini ya mazulia bado yanakunywa maji, ila hayana tena matuta ya kuyashika. Nimechokonoa kwa kijiti: nyasi za ndani zimeoza, udongo umelegea. Mvua kubwa ya kwanza, mteremko huu utashuka. Nimemwambia mwenyewe mara tatu, akacheka. Anayeishi chini ahamishwe kabla ya Novemba.'"

Leo ilikuwa Novemba, tarehe kumi na moja.

Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja alifanya ishara ya msalaba. Na juu ya bati la jikoni, tone likagonga. Halafu la pili. Halafu yakaacha kuhesabika.

"Ulijua," alisema Devotha. Hakusema Mjomba. "Ulijua, ukachukua unga wa ngano."

"Mhandisi mlevi!" Clemence alifoka. "Mteremko ule ni imara kama kanisa! Mnaogopa zulia? Nitawaonyesha. Nitateleza mwenyewe, sasa hivi, ndani ya mvua, kutoka juu mpaka chini, na mheshimiwa Azizi atashuhudia!"

"Umewahi kuteleza?" Bibi aliuliza.

Clemence alikaza tai yake.

"Hata siku moja," alisema Mwanahawa. "Miaka miwili. Kila mgeni akimwalika, mgongo unamuuma."

Msomaji wangu, mtu aliyewauzia wenzake mwanguko kwa bei ya ng'ombe, mwenyewe hakuwahi kukanyaga zulia lake! Lakini kiburi kikishapanda hakiulizi njia ya kushuka. Clemence alitoka na tai yake, akachukua mbao, akapanda kileleni, akaingiza miguu katika vile viatu vizito vya plastiki, makomeo yakajifunga tak, tak. Akashika zile fimbo mbili. Mvua ilikuwa imeshalowesha suti yote.

Devotha hakumtazama yeye. Alikuwa ameshafungua mlango wa kioo, anakimbia pembeni mwa mteremko kwenye tope, viatu vya mapokezi mkononi.

"Mama! Mama, toka huko! Kimbia!"

Gertruda alisimama. Mvua ilipiga kati yao na sauti haikufika. Alipunga mkono kama anayesalimia.

Juu, Clemence alisukuma fimbo.

Akaenda hatua tatu kwa heshima. Ya nne akageuka ubavu, ya tano akawa mgongo, kisha ikawa miguu, mbao, tai, fimbo, tai. Alikomea katikati ya mteremko, amelala chali, mbao zote mbili zimenasa kwenye mkunjo wa zulia.

Mkunjo? Zulia lile halikuwa na mkunjo jana.

Devotha aliuona. Juu ya mjomba wake plastiki nyeupe ilikuwa inajikusanya taratibu, mikunjo juu ya mikunjo, kama shuka linalovutwa na mtu kutoka chini ya kitanda. Chini, kwenye ngoro za Gertruda, kila shimo lilikuwa linapokea maji yake na kutulia. Chini ya zulia maji yalikuwa yanatoka ya rangi ya kahawa.

"Nisaidieni!" Clemence alikuwa analia. "Makomeo hayafunguki! Mguu wangu! Nisaidieni!"

Wanaume wa ukoo walikuwa wamejazana mlangoni. Hakuna aliyeteremka.

Na hapo Gertruda akaona. Alimwona mdogo wake, akaona zulia, akaona maji, na mwanamke aliyechimba udongo miaka thelathini hahitaji mhandisi kumsomea. Alilitupa jembe begani.

"Kimbia, Mama! Huku! Huku!"

Gertruda hakuja huku. Alianza kupanda. Alipanda moja kwa moja kuelekea katikati ya ule weupe, miguu mitupu, anaushika mteremko kwa vidole kama alivyoushika maisha yake yote. Devotha alihisi hasira na mapenzi vikimpanda pamoja. Akakimbia kumfuata.

Clemence aliinua kichwa. Alimwona dada yake amesimama juu yake katika mvua, jembe limeinuliwa kwa mikono miwili, na lile alilokuwa amelificha kwa uji wa ngano likamtoka lote kwa pamoja.

"Dada, usiniue! Nilijua! Nilijua kwamba mteremko utakuangukia! Nisamehe!"

"Nyamaza," alisema Gertruda, "na usitikise mguu."

Jembe likashuka. Komeo la kushoto likapasuka, ubao ukaruka ukaenda zake bondeni. Clemence alipiga ukelele, kisha akaona mguu wake uko huru, mzima, na akaanza kulia kwa sauti ya mtoto.

Devotha alikuwa amebakiza hatua kumi kuwafikia.

Gertruda aliinua jembe kwa komeo la pili. Akasita, kichwa pembeni, kama mtu anayesikia akiitwa na jirani. Juu yao, kutoka kileleni mpaka ukuta wa hoteli, weupe ule ukapasuka mstari mmoja mrefu mweusi, na kilima kikaacha mahali pake.